Sala moja, Amina mbili: yaliyonikuta kwenye maombi ya pamoja Bujumbura

Amahoro wakuu, na wale mnaosoma kimya kimya bila kuchangia nawasalimu pia.

Nawaandikia kutoka Bujumbura, mtaa wa Bwiza. Sauti imenikauka, miguu imevimba, lakini moyo umejaa furaha mpaka kazi haifanyiki. Leo asubuhi nimemnyoa mteja ndevu upande mmoja nikaanza kuimba moyoni nikamsahau. Akaniuliza kama huo ni mtindo mpya.

Wapo humu wanaopenda kupamba stori. Hii sina haja ya kuipamba, maana sehemu kubwa inaniaibisha mimi mwenyewe, na sijawahi kuona mtu akitunga uongo wa kujivua nguo hadharani. Pokeeni kama ilivyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni kinyozi. Nimeokoka, nasali kwa Wapentekoste, na kwenye kwaya mimi ndiye naongoza sauti. Nina sauti kubwa. Hili si la kujisifu, ni kilema kama vilema vingine. Nikiomba chumvi kwa jirani, jirani wa tatu ndiye anaileta.

Kumbukeni hiyo sauti, ndiyo iliyoniponza.

Sasa tuingie kwenye mada.

Kwetu tumebaki wawili, mimi na dada yangu mkubwa Consolata. Mimi namwita Yaya, ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu sisi tuliotokea upande wa Uvira, kule Congo. Mama alituacha tukiwa wadogo, Yaya akanilea. Alinifulia, alinipeleka shule, alinipiga pale nilipostahili na mara chache nisipostahili. Anaishi Gatumba, karibu na mpaka wa Congo, na anauza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa.

Yaya ni Mkatoliki wa rozari mfukoni. Mimi nilihamia kwa walokole nikiwa kijana, akanuna mwezi mmoja, akaniacha.

Shida ilianza na Baba.

Baba alikuwa Mkatoliki maisha yake yote. Miaka miwili kabla hajafariki akaanza kuja kanisani kwetu. Lakini mzee yule alikuwa na mambo yake: Jumapili anaenda misa ya kwanza na Yaya, halafu anakuja ibada ya pili kwetu. Ukimuuliza yuko upande gani, anasema Mungu hajawahi kumlalamikia kwamba anamwona mara nyingi mno.

Alipofariki, mimi nikasema azikwe na mchungaji. Yaya akasema azikwe na padri. Tukavutana siku mbili, mwishowe tukakubaliana waje wote.

Makaburini mambo yakaenda vizuri mpaka tulipofika kwenye Baba Yetu.

Kwa wasiojua, Wakatoliki na sisi tunasali sala ileile, ila wao huwa wanaishia pale pa kuokolewa na maovu, wanasema Amina. Sisi tunaendelea na kipande kimoja zaidi, kile cha ufalme na nguvu na utukufu, ndipo tunasema Amina yetu. Ni kipande kifupi. Hata ukikisema polepole, maji ya chai hayajapoa.

Wakatoliki wakasema Amina. Yaya akainama, akachota udongo, akasogea kaburini. Kwenye ukoo wetu udongo wa kwanza ni wa mtoto mkubwa.

Wakuu, mimi nikaendelea.

Na sikuendelea kistaarabu. Nilipandisha sauti. Nilitaka makaburi mazima yajue kwamba Baba amekufa akiwa upande wetu. Wanakwaya wenzangu wakanifuata, tukakisema kile kipande, tukakirudia, tukakirudia tena. Mara tatu, kama watu waliofunga bao. Muda wote huo Yaya amesimama ukingoni mwa kaburi, mkono ameunyoosha, udongo unamdondoka kati ya vidole.

Tulipomaliza, akafungua mkono. Kilichobaki kikaanguka miguuni pake, si kaburini. Akageuka, akaenda zake. Nyumbani kwenye kilio hakufika.

Miaka sita.

Miaka sita hatujasemezana. Levée de deuil, ile siku ambayo familia inakutana, inasali, inakula na kumaliza kilio rasmi, hatujaifanya, maana haifanyiki mtoto mkubwa akiwa hayupo. Maji ya mafuriko yalipoingia nyumbani kwake kule Gatumba nikasikia kwa watu. Nikajiambia nitakwenda kesho. Mnajua ile kesho ya mtu mwenye kiburi.

Sasa mwaka huu binti yangu Neema akapata mchumba. Kijana mzuri, sina neno naye. Nikamwambia Neema tupange tarehe. Akanijibu bila kuinua macho kwenye mchicha aliokuwa anachambua:

"Papa, mi siolewi kama shangazi haiko."

Nikamwambia mambo ya shangazi yataangaliwa.

"Yataangaliwa na nani? Bibi harusi anafundishwa na shangazi, anatolewa nyumbani na shangazi. We ndiye utanikalisha chini unifundishe mambo ya ndoa?"

Jibu ni hapana, tena hapana kubwa. Mnaojua mila za huku mnanielewa. Shangazi, dada wa baba, hakodishwi. Mimi shangazi wa Neema ninaye mmoja tu, na nilimfukuza kwa sala.

Nikiwa kwenye kubanwa huko, zikaja habari za maombi ya pamoja.

Wakristo wote wa Bujumbura wanaosali kwa Kiswahili, Wakatoliki, Wapentekoste, Waanglikana, Wasabato, wote kwenye uwanja mmoja wa mpira upande wa Kigobe, siku moja, kuombea amani ya Burundi na Congo na wenzetu waliokimbia vita. Hatujawahi kuona kitu kama hicho sisi watu wa Bwiza. Nilisisimka kama mtoto anayesubiri Noeli, nasema kweli.

Na kwaya zote zingeunganishwa kuwa moja. Na mwongoza sauti nikachaguliwa mimi.

Mazoezi tulifanyia kwenye ukumbi wa parokia ya Wakatoliki. Mara yangu ya kwanza kuingia humo tangu nihame. Siku ya kwanza tuligombana kuhusu makofi. Siku ya pili tuligombana kuhusu ngoma. Siku ya tatu mama mmoja wa Kianglikana akaleta maandazi, tukaacha kugombana. Wasabato walikuwa wanakuja Jumapili na kuondoka Ijumaa kabla jua halijazama, na waimbaji wao wa besi walikuwa wazuri kiasi kwamba tulianza kuichukia Ijumaa.

Halafu tukafika kwenye Baba Yetu.

Niliongoza. Wakatoliki wakasema Amina, wakakaa. Sisi tukaendelea tumesimama. Tukarudia, ikawa vilevile: nusu ukumbi umekaa, nusu umesimama. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, jasho lilikuwa linanitoka, maana nilikuwa naona mkono ulionyooshwa na udongo unaodondoka.

Mlangoni alikuwa amechuchumaa Mzee Saidi, fundi wa jenereta wa mtaani kwetu, Mwislamu wa Bujumbura tangu babu zake, amekuja kutukarabatia jenereta la spika. Akauliza kwa sauti:

"Sasa nyie wote muko na Mungu mumoja, mbona muko na Amina mbili?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na padri naye. Wazee wa kamati wakasema suala hilo litaamuliwa na viongozi.

Jumapili moja kabla ya siku yenyewe, mchungaji wetu akatutangazia: siku ile tukifika pale ambapo Wakatoliki wanaishia, na sisi tunaishia hapo. Tunasema Amina pamoja nao. Ni heshima, na tusimwambie mtu, iwe zawadi.

Ibada ilipoisha nikamfuata.

"Mchungaji, hiyo ni kukata sala."

Akanivuta pembeni. Yeye ndiye alikuwa makaburini siku ile.

"Papa Neema, mi nimeogopa kukuambia hii neno miaka sita. Siku ya Papa yako, pale kwa Amina yao tulipaswa kusimama. Mi nilikuwa pale, na mi sikukusimamisha."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimenuna, halafu hasira ikageuka kuwa aibu, halafu usingizi ukanikimbia siku mbili. Maiki ingekuwa mkononi mwangu. Kama kuna mtu wa kunyamaza pale, ni mimi.

Siku ikafika.

Wakuu, ningekuwa na maneno ningewapa. Mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani, kwa hiyo watu walitembea. Kutoka Bwiza tuliondoka kwa miguu, kwaya nzima, sare zimepigwa pasi, viatu tumeshika mkononi visichafuke. Kila njia panda kundi lingine linaungana na sisi. Hawa wana rozari, wale wana matari, hawa wamebeba watoto, wale wamembeba bibi yao kwenye baiskeli. Tunaimba, tukichoka wanatupokea wengine. Kuna wimbo mmoja ulianzia Bwiza ukafika Kigobe bila kukatika, ukibadilisha midomo njiani.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Jua lilikuwa kali, hakuna aliyejali. Mzee Saidi alikuwa nyuma ya jukwaa na jenereta lake, ambalo lilizima mara mbili, na mara zote mbili alilipiga kofi likaamka. Wapentekoste wakasema haleluya. Yeye akasema alhamdulillah. Nikasema haya sasa, leo kweli ni maombi ya pamoja.

Walipoombewa wakimbizi, wanaume wazima walilia. Mbele yangu kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa anataja majina ya watoto wake mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayewaita waje kula. Sitamsahau.

Kisha wakaingia akina mama wa Gatumba.

Walichelewa kwa sababu walitoka mbali zaidi kuliko wote, kwa miguu. Waliingia wakiwa na vitenge vya bluu vya parokia, vumbi mpaka magotini, uwanja mzima ukawapigia vigelegele. Wakapewa nafasi mbele, upande wa kushoto wa jukwaa, hatua kama kumi kutoka niliposimama.

Wa tatu kwenye mstari alikuwa Yaya.

Amekonda. Nywele zimeingia mvi. Nilimjua kwa namna anavyosimama, mguu mmoja mbele kama mtu anayengoja kugombana. Aliniona. Akatazama pembeni.

Na MC ndiyo kwanza anasema: sasa tusimame wote, Baba Yetu.

Nilishika maiki kwa mikono miwili. Nikaanza. Uwanja ukanifuata, maelfu ya watu kwa sauti moja, ardhi inasikika chini ya viatu. Kila mstari ukipita najua ule mwisho unakaribia. Macho nimeyafumba.

Tukafika pale. Nikasema Amina, nikanyamaza. Nikainamisha kichwa na kuishusha maiki mpaka kwenye paja, ili hata pumzi yangu isisikike.

Na Wapentekoste wote wakanyamaza. Waanglikana wakanyamaza. Kumbe wachungaji walikuwa wameambizana.

Nikasema moyoni, Yaya, hiyo ni yako.

Sasa hapo ndipo sikuamini masikio yangu.

Upande wa kushoto ukaendelea!

Wakatoliki! Wanaendelea na kile kipande! Kwa kusitasita, wengine wanasoma kwenye vikaratasi, wengine wamepotea njiani, lakini wanaendelea, ufalme, nguvu, utukufu, na sisi wenye kipande chetu tumekaa kimya kama watu walioibiwa.

Kumbe padri naye Jumapili ileile aliwaambia watu wake: wenzetu wakiendelea, tuendelee nao mpaka mwisho, na msimwambie mtu, iwe zawadi.

Nilifumbua macho. Akina mama wa Gatumba wote wanatazama karatasi zao. Yaya peke yake hana karatasi. Ananitazama mimi, anasema kile kipande neno kwa neno, polepole, hakosei.

Wakasema Amina yao. Padri akamtazama mchungaji, mchungaji akamtazama padri, na mchungaji wetu, mtu ambaye sijawahi kumwona meno yake yote, akacheka mpaka akashika nguzo ya jukwaa. Uwanja ukalipuka. Watu wanacheka, wanalia, wanakumbatiana na wasiowajua, vigelegele, matari, mtu mmoja anapuliza vuvuzela sijui alilileta kwa imani gani.

MC akapiga kelele: "Turudie! Pamoja, mpaka mwisho!"

Tukarudia. Lakini mimi sikuongoza, maiki nilishampa mtu. Nilikuwa nashuka jukwaani.

Nilifika mbele ya Yaya na hotuba niliyoiandaa miaka sita ikaniishia yote. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Yaya, nisamehe. Nilikukosea mbele ya watu, na ninakuomba msamaha mbele ya watu."

Alimaliza sala yake kwanza. Ndipo akasema:

"Umeona hawa wamama? Wote wameshika karatasi. Mi sikuhitaji karatasi. We ndiye ulinifundisha kile kipande. Mara tatu, tena kwa sauti."

Wakuu, ningepigwa kofi lisingeniuma vile. Nililia kama mtoto. Akaniacha nilie kidogo, nadhani alikuwa anaifurahia ile haki yake, halafu akanishika sikio kama zamani.

"Simama. Unachafua suruali ya kwaya, na si mimi tena wa kuifua."

Nikasimama. Nikamwambia kuhusu Neema. Akasema ameshasikia, Gatumba si nje ya dunia. Alikuwa anangoja kuona kama nitamleta shangazi kwa barua au kwa miguu yangu.

"Lakini kabla ya harusi, nipeleke kwa Papa," akasema. "Kuna kitu sikumaliza."

Jana asubuhi tulikwenda makaburini, mimi, Yaya na Neema.

Kaburi lilikuwa limeota majani. Tukayang'oa. Kisha Yaya akainama, akachota udongo, akafunga ngumi, akaniambia:

"Anza."

Nikaanza Baba Yetu. Tukafika pale pa Amina, nikanyamaza. Hata ndege nilitaka wanyamaze. Yaya akasogea, akaunyoosha mkono, akaufungua, na udongo ukaanguka pale ulipotakiwa kuanguka miaka sita iliyopita. Akapangusa kiganja kwenye kitenge chake, taratibu, hana haraka.

Halafu akanigeukia. "Maliza sasa, ya kwako."

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Baada ya siku nzima ya kuimba uwanjani, ile sauti yangu ya kusikika mpaka kwa jirani wa tatu ilikuwa imekwisha kabisa. Nilikuwa natoa hewa tu.

Yaya akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, akanimalizia yeye. Kile kipande. Mara moja tu, kwa sauti ya chini.

Tukasema Amina, na ilikuwa moja.

Levée tumeipanga, padri na mchungaji wote watakuwepo, na Neema ameshaitwa Gatumba na shangazi yake kwa mafunzo ambayo mimi sitakiwi kuyajua. Mzee Saidi amesema analeta jenereta bila kuombwa, ila ametaka kwanza ahakikishiwe idadi ya Amina.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekijua kwa kuchelewa. Miaka sita niliamini nilikuwa naitetea imani, kumbe nilikuwa nashindana na dada yangu mbele ya maiti ya baba yetu. Maneno yangu yalikuwa ya kweli yote, hakuna hata moja la uongo. Kosa lilikuwa kwamba kuna mtu alikuwa amesimama na udongo mkononi, na sikumpa nafasi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wenye kunisema nisemeni, nimeshazoea. Ila kabla hujaandika, jiulize kidogo kama kuna mtu ambaye bado anangoja wewe unyamaze ili amalize kumzika wake. Kama yupo, comment yako inaweza kusubiri. Nenda kwake kwanza.